Kuku Waliobaki Nyumbani Kwetu

Kila siku nilipotoka shule nilimkuta baba akizungumza peke yake. Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kutia wasiwasi, lakini kwetu ndiyo kazi iliyotuweka mjini. Baba alikuwa akiingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Chumba chake zamani kilikuwa stoo. Alikuwa amesimamisha magodoro mawili yaliyochakaa ukutani ili kelele za mtaa zisipenye, na maikrofoni yake aliivisha soksi. Akishafunga mlango alikuwa bibi kizee, askari, mbwa na mtoto mchanga, wote kwa zamu. Mtaa mzima ulimwita Midomo Saba.

Baba alikuwa na utaratibu wake, na aliusema kwa kila aliyemuuliza. "Filamu naitazama mara tatu kabla sijafungua mdomo. Mara ya kwanza ni ya macho, ya pili ni ya masikio, ya tatu ni ya kalamu." Katika daftari lake aliandika dakika, nani anasema, na anasema nini. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kwa sababu maneno ya Midomo Saba yalikaa sawasawa kwenye vinywa vya watu wa kwenye filamu.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na kazi yangu. Katika gazeti la ukutani la shule yetu nilipewa safu inayoitwa "Tuliahidiwa, Tukapewa". Mwalimu wa Kiswahili alinipa maswali mawili tu ya kujibu kuhusu kila kitabu au filamu: tuliahidiwa nini, na tukapewa nini. Wenzangu waliniita Mhariri, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikejeli.

Kwenye dawati nilikaa na msichana tuliyemwita Macho. Alikuwa hasikii tangu alipougua akiwa mdogo. Alisoma midomo ya watu, aliongea kwa mikono, na pale mikono yake iliponishinda aliniandikia pembeni mwa daftari langu. Jina la Macho alilipenda mwenyewe, kwani hakuna kitu kilichompita. Mwalimu akibandua kijikaratasi ukutani, Macho ndiye aliyejua kesho yake kilikuwa kimeandikwa nini.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwenye ukumbi wa sinema wa mtaani kwetu alikubali kuwaonyesha wanafunzi filamu bure. Yeye tulimwita Mama Ukumbi, mwanamke mwenye maneno machache na shada la funguo kiunoni. Madarasa ya juu yangekwenda Jumamosi ile, na wadogo Jumamosi inayofuata. Mwalimu alisema, "Wadogo watakwenda iwapo Mhariri wetu atatuambia kwamba filamu inafaa. Kwa hiyo, Mhariri, tazama vizuri."

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ya familia nzima, na bango lake lilibandikwa mpaka kwenye mlango wa saluni. Iliitwa *Ahadi Zenye Manyoya*. Katika nyumba moja, kila mtu akivunja ahadi, anatokea kuku. Bango lilionyesha kuku juu ya paa, kuku kwenye sinki, na kuku mmoja mnene amelala juu ya kofia ya baba wa nyumba. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la pili, alichora kuku arobaini kwa penseli na kubandika karatasi ile juu ya kitanda chetu.

Mimi bango lile lilinichoma kidogo. Kama mambo yale yangekuwa ya kweli, nyumbani kwetu tusingepata pa kukanyagia. Baba aliahidi kutengeneza mguu wa kitanda chetu, nasi tukaendelea kulala juu ya tofali. Aliahidi kuja siku ya michezo shuleni, nikakimbia huku nikitazama getini. Aliahidi kumpeleka mama akamwone dada yake. Baba hakuwa mtu mbaya. Alisema "ndiyo" kwa moyo wote, kisha akaisahau kwa moyo wote. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alizoea kusema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Midomo saba, masikio hana hata moja."

Lakini ipo ahadi moja niliyoishika kuliko zote. Miaka miwili nyuma baba aliniambia, "Mama, filamu ya kwanza itakayokuwa na mtoto wa kike, sauti utaingiza wewe." Na filamu hii, ambayo Mama Ukumbi alimpa baba aiingizie sauti, ilikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, umri wangu kabisa.

Jumanne baba aliitazama nusu ya kwanza mara tatu, akaandika. Nilichukua daftari na kukariri maneno yote ya yule msichana. Jumatano ikaja simu: mtangazaji wa fainali ya mpira ya mitaa ameugua, na Midomo Saba anahitajika uwanjani kwa siku mbili. Baba hakuwahi kuikataa spika maishani mwake. Akaenda.

Alirudi Ijumaa mchana, sauti imekwaruza, na Mama Ukumbi alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuulizia filamu. Baba aliingia chumbani moja kwa moja. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Baba, na mimi?"

"Leo muda hauniruhusu, mama. Filamu ijayo."

"Ulisema hii."

"Najua nilivyosema. Filamu ijayo." Akafunga mlango.

Nilisimama pale kwenye korido nikamsikia akiibana sauti yake ili awe msichana wa miaka kumi na miwili. Nilichukia. Nilikichukia kile kisauti chembamba. Alipotoka kupeleka kazi ukumbini, niliingia nikafungua daftari. Maneno yaliishia dakika ya arobaini na tano. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Nusu ya pili hakuwa ameitazama hata mara moja. Aliiingizia sauti akiwa anaiona kwa mara ya kwanza, akibuni maneno kila mdomo ulipofunguka.

Aliporudi alilikuta daftari mikononi mwangu. "Hayo ni mambo ya jikoni," alisema. "Hayatoki nje. Watu hawatatambua."

Jumamosi asubuhi tulijaa ukumbini. Nusu ya kwanza ilikuwa tamu kama bango lilivyosema. Baba wa nyumba aliahidi kuziba bomba, hakuziba, akatokea kuku ndani ya buti lake. Watoto walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Hata mimi nilicheka, ingawa kila yule msichana alipofungua mdomo nilikunja uso.

Kisha ikaja nusu ya pili. Baba wa nyumba alionekana amepanda basi na vikapu viwili vya kuku, na sauti ya baba yangu ikasema, "Ngoja nikawauze sokoni." Alisimama mbele ya mzee mmoja, kichwa chini, kuku mkononi. "Mzee, nunua kuku, bei poa," ikasema sauti. Mzee alimshika bega, na yule kuku akatoweka. "Mungu wangu, kuku kaibiwa." Midomo ilifumba, maneno bado yakaendelea. Midomo ilifunguka, kukawa kimya. Mwishoni kabisa yule msichana alikuwa analia amemkumbatia kuku mweupe, na kile kisauti chembamba kikasema, "Jamani nina njaa." Watu wachache walicheka. Waliobaki walizomea.

Taa zilipowashwa nilimwona Macho pembeni yangu akijifuta machozi kwa kola ya sare yake. Nilidhani anaumwa. Aliniashiria kwa mikono: nzuri sana. Nilimwona hamnazo.

Jumatatu niliandika safu yangu. Niliandika kwamba tuliahidiwa nyumba ambayo kila ahadi iliyovunjwa hugeuka kuku, tukapewa mfanyabiashara wa kuku anayezunguka bila mpango. Niliandika kwamba waliotengeneza filamu walisahau hadithi yao katikati ya safari. Niliandika kwa ufasaha, na kila neno nilijua linapeleka lawama kwa watu walio mbali, wasiosoma Kiswahili, ambao kamwe wasingekuja kunijibu. Kuhusu daftari lenye kurasa nyeupe sikuandika kitu.

Mwalimu alisifu lugha yangu. Kisha akaenda kuwatangazia wadogo kwamba safari imefutwa.

Baba aliposikia alinishika kichwa. "Umeniokoa, mama." Nilitegemea nitafurahi, maana hakuwa amenishika kichwa siku nyingi. Sikufurahi. Mdogo wangu alipanda kitandani akabandua kuku wake arobaini, akawakunja mara nne, akawatia chini ya godoro. Hakulia. Angelia, angalau ningejua la kumwambia.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, Macho alinivuta mkono mpaka kwenye gazeti la ukutani. Aligonga safu yangu kwa kidole, akatikisa kichwa. Nilimwambia kwa mikono kwamba hakusikia, ndiyo maana hakujua ubovu wake. Kisha akachukua daftari langu, akakaa chini, akaandika ukurasa mzima.

Aliandika kwamba kila kuku alikuwa na uzi mguuni, na rangi ya uzi ilikuwa ya nguo ya mtu aliyekosewa. Sikuwa nimeona. Aliandika kwamba baba wa nyumba hakwenda sokoni. Alikuwa anawapeleka kuku mmoja mmoja kwa watu aliowavunjia ahadi, na yule mzee alikuwa mwalimu wake wa zamani, kwani picha yake ilikuwa ukutani tangu mwanzo. Akiomba radhi na kufanya alichoahidi, kuku anatoweka. Na yule kuku mweupe alikuwa wa msichana. Alimwahidi bibi yake mgonjwa kwamba atakwenda kumtazama, hakwenda, kuku akatokea, akampenda kuliko kitu chochote. Akienda kwa bibi, atampoteza. Mwisho wa ukurasa Macho aliandika: *Ilitimiza. Wewe ulitazama kwa masikio.*

Nilirudi nyumbani na mkoba mzito. Baba alikuwa ametoka. Niliiweka filamu kwenye kompyuta, nikazima sauti, nikaitazama mpaka mwisho. Kila alichoandika Macho kilikuwamo. Mwishoni msichana anapanda ngazi za nyumba ya bibi, amemfunga kuku kwenye mtandio kifuani. Anabisha. Mlango unafunguliwa, bibi anatoa mikono, na mtandio unabaki mtupu. Msichana anabaki amekunja mikono vilevile, kama bado amembeba. Hapo ndipo baba yangu alipoweka "Jamani nina njaa".

Aliponikuta nimekaa mbele ya kompyuta nilikuwa nalia kwa hasira.

"Baba, filamu ilitimiza," nilisema. "Sisi ndio hatukutimiza. Ni lazima niandike."

"Kuandika nini? Watu wameshasahau."

"Mdogo wangu hajasahau. Na mimi nimewasingizia watu."

"Watu gani? Wale wanakujua?" Alivua kofia akaitupa mezani. "Unajua jina langu nimelijenga kwa miaka mingapi? Unataka mtoto wangu mwenyewe alibandike ukutani?"

"Ulisema mara tatu. Macho, masikio, kalamu. Wewe mwenyewe ulisema."

Alitoka, na mlango aliufunga taratibu, jambo lililoniogopesha kuliko kama angeubamiza. Mama alisimamisha cherehani. Nilimwomba aniambie la kufanya, akasema, "Mimi siwezi kukuambia umuumize baba yako. Wala siwezi kukuambia uendelee kusema uongo. Fanya, kisha ukae na ulichofanya."

Jumatano nilibandika safu mpya juu ya ile ya zamani. Ilikuwa fupi: "Filamu ilitimiza. Aliyeingiza sauti hakuitazama nusu ya pili. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu ni baba yangu. Niliwalaumu wasiohusika. Aliyeniongoza kuona ni Macho."

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Kabla ya mapumziko, darasa la saba walikuwa wameshampa baba jina jipya, Midomo Mitatu na Nusu, na lilifika mtaani kabla yangu. Mwalimu alininyang'anya safu kwa muhula uliobaki. Alisema kukiri ni jambo jema, lakini msomaji akishadanganywa mara moja ana haki ya kupumzika. Baba hakunisemesha siku mbili. Akitaka chumvi alimwambia mdogo wangu amwambie mama.

Ijumaa mchana Mama Ukumbi alibisha mlangoni. Hakukaa.

"Nimesomewa gazeti la shule," alimwambia baba. "Filamu mpya niliyokuwa nikuletee nimeshampa mwingine. Hiyo imekwenda. Hii ya kuku nakupa wiki moja. Wadogo watakuja Jumamosi ijayo. Ukiniletea tena maneno ya kuokoteza, mlango wangu usiujue."

"Na wale wakubwa?" baba aliuliza. "Watarudi kuiona?"

"Wakubwa wameshaona waliyoyaona. Ukumbi wangu si wa kurudia makosa yako." Funguo zake zililia mpaka nje.

Baba alikaa kwenye kiti chake, mgongo umetuelekea. Bila kugeuka alisema, "Huyo rafiki yako asiyesikia. Mlete."

Kwa hiyo kila siku baada ya masomo, Macho alikaa kulia kwa baba mbele ya kompyuta. Mara ya macho walitazama pamoja, naye akamwonyesha nyuzi, picha ya ukutani na mtandio. Mara ya masikio alimwachia peke yake. Mara ya kalamu alirudi, na kila maneno ya baba yalipozidi mdomo wa mtu kwenye filamu, Macho alimvuta shati. Baba alifuta, akaandika upya. Sikuwahi kumwona baba akivumilia kusahihishwa hivyo. Siku ya tatu alisema, zaidi kwa nafsi yake, "Miaka yote hii, kumbe nilikuwa naona nusu."

Alhamisi aliniita. Alikuwa ameshusha maikrofoni mpaka usawa wa mdomo wangu. Hakusema lolote kuhusu miaka miwili. Alininyooshea daftari, na maneno ya msichana yalikuwa yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Tulirekodi mpaka sentensi ya mwisho, pale mlango wa bibi unapofunguliwa. "Bibi, nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja." Nilitaka kuisema vizuri kuliko zote, na hapohapo sauti ikanikatika. Niliomba turudie. Baba alitikisa kichwa. "Iache. Ndivyo anavyosema."

Jumamosi wadogo walijaa ukumbini. Walicheka tulipotaka wacheke. Mtandio ulipobaki mtupu, ukumbi mzima ulinyamaza, na mdogo wangu akanishika kidole. Baadaye alinieleza hadithi yote kama vile sikuwa pale. Lakini nisiseme kwamba kila kitu kilirudi mahali pake. Madarasa ya juu hayakuiona filamu ile kama ilivyotengenezwa, na mpaka leo wapo wanaosema kwamba filamu ya kuku ilikuwa takataka. Yule mwingine aliyepewa filamu mpya aliifanya vizuri, akapewa na iliyofuata. Jina la Midomo Mitatu na Nusu bado linaitwa, hasa kwenye kijiwe cha mafundi viatu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alimtanguliza mdogo wangu, akabaki nyuma nami.

"Uliniaibisha," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Iliniuma, na bado inaniuma, sitakudanganya. Lakini sikiliza. Mtu asiyejua lugha ya filamu ananikabidhi masikio yake. Msomaji wako anakukabidhi macho yake. Hawana njia ya kutukagua. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo hatuna ruhusa ya kufanya kazi nusu, wala kusema ukweli nusu. Mimi nilifanya la kwanza, nikakufundisha la pili. Wewe ulisimama kabla yangu. Siku nyingine usisubiri mpaka wadogo wafutiwe safari."

Nilisema nimesikia. Tulitembea kidogo.

"Na ile ahadi ya sauti," alisema. "Kuku mmoja ametoka nyumbani kwetu leo, siyo?"

"Mmoja."

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja," nilisema. Sikuhitaji kufikiri.

Alisimama katikati ya njia. Nilidhani atacheka, au atakasirika tena. Alitoa daftari lake mfukoni, akapita kurasa zilizoandikwa, akafika kwenye kurasa nyeupe zilizosalia kati ya zile za Ijumaa ile. Akafungua kalamu kwa meno.

"Nitajie," alisema. "Polepole, naandika."

Nikaanza na mguu wa kitanda.